Kaka Nisiyekuwa Naye

Mimi sina kaka. Baba yangu, mzee Matano, alizaa wasichana watano akafa anangoja mvulana, na Uyole nzima, hapa Mbeya, inalijua hilo. Kwa hiyo siku niliyosimama mbele ya mwenyekiti wa mtaa na kumwambia, macho makavu, kwamba nimeletewa mtoto wa kaka yangu kutoka Kigoma, nilikuwa nasema uongo wa mchana kweupe. Na niliusema bila kupepesa. Nilijiona nimefanya jambo la heri.

Ilianza Alhamisi, kama saa tisa alasiri. Mimi ni muuza mchele. Mchele wangu unatoka Ubaruku, na kibanda changu kiko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika. Mvua ilikuwa inapiga ubavuni, nami nilikuwa nashindana na turubai, nikaona mwanamke anashuka kwenye lori la mahindi. Mtoto mgongoni, mfuko mmoja wa salfeti mkononi, viatu vya plastiki visivyofanana. Akaja akasimama kwangu. Mtu anayekuja kununua mchele anatazama mchele. Yule alikuwa ananitazama mimi usoni, kama anayepima aseme au asiseme.

"Mama, munipe fasi ya kukaa kidogo, mvua ipite."

Madereva wa Kongo wanalala hapa kila siku, lafudhi yao naijua, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa ametoka wapi.

"Mvua ya Uyole haipiti, mwanangu, inasogea tu," nikamwambia. "Kaa."

Nikampa kigoda na chai ya tangawizi. Mtoto, binti wa mwaka na nusu hivi, alikula maandazi mawili bila kuinua kichwa. Anaitwa Siwema, mama yake akasema. Yeye mwenyewe ni Anjela Ngoie, wa Moba, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Jumanne alivuka kwa boti hadi Kasanga, akapata lifti hadi Sumbawanga, akapata nyingine, na lori lile lilikuwa la tatu. Alikuwa anakwenda wapi? Hakujua. Dereva alikuwa amefika mwisho wa safari yake, basi naye akawa amefika.

Nikamchukua nyumbani. Sitaki sifa, nyumba yangu ina vyumba vitatu nami nakaa peke yangu. Baada ya kuoga alinieleza mengine. Watu wenye bunduki waliingia kijijini kwao miezi minane iliyopita, kila mtu akakimbilia upande wake. Mumewe alikutwa amekufa. Mama yake, Monika Kapya, hakuonekana tena, hai wala maiti. Anjela akazunguka kwa ndugu na marafiki mpaka huko nako kukawaka moto.

"Miye niko na uoga, mama," akasema. "Nikikamatwa, batanirudisha. Na huyu mutoto?"

"Hakuna atakayekurudisha," nikasema. "Uko kwa Mwanaidi."

Hapo lazima niwaeleze kuhusu babu yangu, msije mkaniona mjinga tu. Babu alikuja huku kutoka Kilwa, mpagazi wa Wajerumani, akaugua njiani, wenzake wakamwacha. Mzee mmoja wa Kisafwa akamwokota, akampa jina la kwao, na watoza kodi walipokuja kuhesabu vibanda akawaambia huyu ni mwanangu. Basi. Babu akawa mtu wa hapa, akaoa, akazaa, nami nikapatikana. Kwetu mgeni hafukuzwi, anapewa jina. Nimekua naambiwa hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Ijumaa, kabla ya swala, nikamvika Anjela ushungi wangu wa kijani, nikampeleka kwa mwenyekiti Ambrosi. Mgeni akilala kwako zaidi ya usiku mmoja unamtambulisha kwa mwenyekiti, ndiyo taratibu, anaandikwa kwenye daftari la mtaa.

"Mtoto wa kaka yangu," nikasema. "Wa Kigoma. Anaitwa Mwanahamisi Matano. Ndiyo maana Kiswahili chake kiko vile."

Ambrosi akainua macho. "Mama Mwanaidi, miaka ishirini nakufahamu, sijawahi kusikia una kaka."

"Hujawahi kuuliza."

Akaandika. Ambrosi ni mtu mwema na mvivu, vitu viwili ambavyo siku ile vilinifaa sana. Jumamosi akaleta mwenyewe barua ya utambulisho, imegongwa muhuri, kwamba Mwanahamisi Matano ni mkazi wa mtaa wake na anastahili kusaidiwa kupata kitambulisho cha taifa. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru. Nikampikia Anjela wali wa nazi kwa sherehe.

Hakula.

Nilikuwa nimeshaona tangu Ijumaa kwamba nikimwita Mwanahamisi haitiki. Namwita mara tatu, nne, yeye anapepeta mchele tu. Nikadhani atazoea. Siku ile ya barua nikamwita tena, hakugeuka, nikapandisha hasira. Nikamwambia kuna watu wangelia kwa furaha kwa barua kama hii, na yeye ananinunia juu ya wali wa nazi.

Akaweka kijiko chini. "Mama, nakushukuru. Lakini mama yangu kama iko hai, iko ananitafuta. Atatafuta Anjela Ngoie. Sasa Anjela Ngoie atakuwa fasi gani?"

Nikatoka nikaenda kufagia uwanja uliokuwa umeshafagiwa.

Siku ile nikaanza kuomba ushauri, na kila mtu pale barabarani akawa mwanasheria. Mmoja alisema nimpeleke Chunya kwenye dhahabu, huko hakuna anayeuliza mtu jina. Mwingine alijua kijana anayetengeneza vitambulisho. Dereva mmoja akasema mkimbizi hana haki ya kutoka Kasanga, kwa hiyo kesi yake imeshaharibika, bora akae kimya. Ipyana, muuza viazi wa kibanda cha pili, alisubiri wote waondoke ndipo akaniambia, tena kwa adabu:

"Mama, hawa wote hawajui. Anayejua ni mmoja, na wewe humsalimii."

Nikajua anamsema nani.

Verediana Kalinga ni Mhehe wa Kalenga, Iringa. Aliolewa huku, anashona nguo karibu na parokia, na ni msaidizi wa kisheria: amesomea, ana cheti ukutani juu ya cherehani, hatozi mtu hata shilingi. Miaka mitatu iliyopita mwanangu wa pekee, Abdulkarim, alifariki, nami nilitaka nyumba yake irudi kwenye ukoo. Verediana akamsaidia mke wa mwanangu, Hanifa, tukafika kwenye baraza la ardhi, nikashindwa. Hanifa na wajukuu wangu wamebaki kwenye ile nyumba mpaka leo. Na ukweli, kwa kuwa tunasema ukweli, ningeshinda wangelala wapi? Lakini kushindwa ni kushindwa. Tangu hapo Verediana akinipita ananiambia shikamoo, nami namjibu moyoni, tena si kila mara.

Jumapili, watu walipotoka misa ya kwanza, nikamchukua Anjela na Siwema tukaenda. Nilitembea taratibu kama ninayekwenda kung'oa jino.

Verediana alikuwa anavua kitambaa cha kanisani. "Shikamoo, mama Mwanaidi."

"Marahaba," nikasema, kwa sauti. Nadhani cherehani nayo ilishangaa.

Hakuniuliza nimefuata nini. Aliweka viti, akampa Siwema kibweta cha vifungo achezee, akachukua gauni lililoshonwa vibaya akaanza kulifumua kwa wembe. Ndiyo namna yake, anakusikiliza mikono ikifanya kazi, mtu asijione yuko polisi.

"Anza mwisho, rudi nyuma," akamwambia Anjela. "Leo uko wapi? Jana ulikuwa wapi? Juzi?"

"Kwa nini arudi nyuma?" nikauliza.

"Kwa sababu uongo unakwenda mbele tu, mama. Ukiurudisha nyuma unajikwaa. Huko anakokwenda watamuuliza hivi na vile, afadhali ajikwae kwangu."

Anjela akarudi nyuma: Uyole, Tunduma, Sumbawanga, Kasanga, boti, Moba. Hakujikwaa. Tulipofika Ijumaa aliyejikwaa ni mimi. Nikaeleza habari za kaka yangu. Nikatoa barua ya Ambrosi.

Verediana aliisoma, wembe ukasimama.

"Hii imeshapelekwa popote?"

"Bado. Ni kesho."

Akavuta pumzi kwa nguvu mpaka nikasikia. "Mshukuruni Mungu. Hii ingefika kwenye alama za vidole, huyu binti angekuwa ameshatoa maelezo ya uongo serikalini, na wewe umeshamsaidia. Hapo hata ukweli wake usingeaminiwa tena. Babu yako alihesabiwa kwa vibanda, mama. Siku hizi wanahesabu vidole."

Nilishangaa anajua habari za babu. Kumbe nilizitaja barazani, siku ile nikidai nyumba.

"Umeingia nchini lini hasa?" akamuuliza Anjela.

"Siku ya pili. Jumanne."

Verediana akahesabu kwa vidole, akarudia. "Sheria ya wakimbizi inampa mtu siku saba tangu aingie, ajitokeze kwa ofisa. Ukihesabu Jumanne yenyewe, kesho ndiyo siku ya saba."

Siku tatu nzima nilizokuwa namficha, nilikuwa namlia siku zake.

"Na kuvuka bila kibali?" nikauliza. "Si watamfunga?"

"Anayekimbia vita hakai foleni ya pasi, na sheria inalijua hilo. Akijitokeza mwenyewe, akasema nimekuja kuomba hifadhi, haadhibiwi kwa sababu tu ya kuvuka. Akikamatwa amejificha kwenye ushungi wa mtu, hapo ndipo shida. Siwaahidi wataamua nini, mimi si serikali. Nawaambia mlango ni upi."

Akamweleza Anjela taratibu, akimrudisha kila mara aseme amesikia nini. Atoe jina lake lote. Asisaini karatasi ambayo hajasomewa. Akiona Kiswahili chetu kinamchanganya, aombe mtu wa kumtafsiria, si aibu. Kadi ya kliniki ya Siwema, imechakaa lakini ina majina, iende. Kila karatasi atakayopewa aiombee nakala. Na kwenye kueleza ndugu aliopotezana nao, asiseme tu "mama," aseme jina, kijiji, umri, kovu kama lipo.

"Iko na kovu hapa," Anjela akasema, akigusa kidevu.

"Liseme."

Kisha Verediana akanigeukia. "Kabla ya kesho kuna kazi yako, mama. Nguo iliyoshonwa vibaya haipigwi pasi, inafumuliwa. Twende kwa Ambrosi."

Jamani. Nimezika mume, nimezika mtoto, lakini ile njia ya kwenda kwa Ambrosi ilikuwa ndefu. Tulimkuta anakula. Nikasimama mlangoni nikasema yote kwa pumzi moja: sina kaka, sijawahi kuwa naye, huyu ni Anjela Ngoie wa Moba, nimekudanganya.

Ambrosi akasukuma sahani. "Mama Mwanaidi! Ulitaka nifungwe?"

"Nilitaka kumsaidia mtu."

"Kwa shingo yangu?"

Alikuwa na haki ya kukasirika, nikamwacha akasirike, kitu ambacho si desturi yangu. Alipochoka, Verediana akamwambia kwa upole kwamba barua haijafika popote, na kwamba njia ya kumlinda yeye pia ni kuandika. Ambrosi akafungua daftari, akapiga mstari juu ya jina la Mwanahamisi Matano, pembeni akaandika tarehe na sababu, akasaini. Barua ile akaandika juu yake "imebatilishwa", akaniamuru niende nayo kwa ofisa nikaieleze mwenyewe. Mkewe akatuletea ndizi za kuchoma. Nikala moja kwa aibu.

Jumatatu saa mbili kamili tulikuwa ofisi ya uhamiaji mjini, sisi watatu na mtoto. Verediana alikuwa amefunga cherehani siku nzima kwa ajili yetu. Anjela hakuvaa ushungi wangu, alivaa kitenge chake, kimefuliwa. Kadi ya kliniki aliishika mkononi, Siwema akawa anaivuta akidhani ni mchezo.

Ofisa aliyetupokea aliitwa Lusekelo, mtu wa makamo, miwani kwenye paji la uso. Anjela akasimama mbele yake na kwa mara ya kwanza nikamsikia anaongea kwa sauti ya kujaza chumba.

"Miye ni Anjela Ngoie. Nimetoka Moba. Nimekuja kuomba hifadhi."

Ofisa akashusha miwani. "Umeingia lini?"

"Jumanne. Kasanga."

Akatazama kalenda ukutani. Sisi wote tukaitazama. Akasema, "Umewahi. Kaa."

Wakamwingiza chumba cha ndani yeye na mtoto. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Mimi kila mlango ukilia nafikiri wanamtoa na pingu. Katikati ya hapo nikaitwa na mimi. Nikatoa ile barua, nikafumua.

"Kwa hiyo una kaka wangapi?" Lusekelo akaniuliza.

"Sina hata mmoja, baba."

"Lakini ulikuwa naye Ijumaa."

"Nilikuwa naye Ijumaa."

Akainama kwenye karatasi, nikaona mabega yanatikisika. Kisha akainuka, uso wa serikali umerudi, akanionya sawasawa: kumpokea mgeni si kosa, kumtengenezea ukoo ni kosa, na kilichoniokoa ni kwamba nimekuja kabla ya kuitwa. Nikasomewa maelezo yangu, nikasaini. Nilitoka nimeloa jasho, Mbeya ile ya baridi.

Saa nane Anjela akatoka. Hakuwa na pingu. Alikuwa na karatasi, ina picha yake, ina muhuri, na chini yake jina la Siwema. Amepokelewa kama mwombaji wa hifadhi. Angesafirishwa pamoja na waombaji wengine hadi kambini Kigoma, maombi yake yasikilizwe huko, na mpaka siku ya safari aliruhusiwa kukaa kwangu, nami nikamdhamini kwa jina langu halisi. Akanipa karatasi niisome. Sikuweza, machozi yalikuwa yamejaa. Nikampa Verediana, naye akasoma kwa sauti pale pale kwenye ngazi, neno kwa neno, kama anayesoma cheti cha ndoa. Tulicheka wote watatu mpaka mlinzi akatuangalia.

Njiani kurudi nilimwambia Verediana, "Kuhusu ile nyumba ya Abdulkarim."

"Yameshapita, mama."

"Hayajapita. Ulikuwa na haki. Nilikuwa nataka kukuambia tangu mwaka juzi ila mdomo ulikuwa mzito."

Akanishika mkono. Jioni ile nilikwenda kwa Hanifa, kwa mara ya kwanza bila kuitwa, nikala ugali na wajukuu zangu.

Anjela aliondoka siku kumi baadaye. Nilimfungia mchele kilo tano, nikamwambia ushungi wa kijani autumie kumfunika mtoto, Siwema anaupenda. Nyumba ikabaki kimya. Nilikuwa nikimfikiria babu. Watu wa Kilwa walimtafuta, bila shaka, mama yake alimtafuta, kila msafara akiuliza kwa jina ambalo huku hapakuwa na mtu aliyekuwa nalo. Mpaka leo sisi hatulijui. Lile jina jipya lilimwokoa, nami nalishukuru, lakini lilimmaliza kwa mama yake. Na mimi karibu nifanye vilevile, kwa wema uleule.

Wiki ya tano, katikati ya mchana, napimia mteja mchele, simu ikalia. Namba siijui.

"Mama Mwanaidi! Ni miye!"

Alikuwa analia na kucheka, sikuelewa kitu. Nikaweka kopo chini nikamwambia aanze mwisho, arudi nyuma. Akarudi nyuma. Saa hii yuko ameketi kwenye mkeka. Asubuhi alioneshwa hema moja. Jana aliitwa kwenye meza ya wanaounganisha ndugu waliopotezana, wakamsomea jina kutoka kwenye orodha yao: Anjela Ngoie wa Moba, anatafutwa na mama yake, Monika Kapya, kovu kidevuni. Monika alikuwa pale miezi sita. Kila wiki alikwenda kwenye ile meza kulitaja lile jina.

Kabla sijapata la kusema nikasikia nyuma yake sauti ya mwanamke mzee, imekwaruza, inaita kutoka mbali kidogo.

"Anjela! We Anjela!"

"Niko, mama!"

Aliitika papo hapo, hata jina halijaisha. Mimi nilimwita Mwanahamisi siku mbili hakugeuka. Nikakaa chini juu ya gunia nikalia bila kujificha, na mteja wangu akauliza kama mchele una tatizo. Nikamwambia hauna, mama, ni mzuri, lete mfuko nikuongeze.